UZI: Kabla hujaamini ripoti ya athari za mandhari, uliza picha zimepigiwa wapi na kwa lenzi gani

#1 (mleta uzi)

Wakuu kwema?

Kila mradi mkubwa ukitangazwa, iwe ghorofa refu, mitambo ya upepo, machimbo ya kokoto au nguzo za umeme wa msongo mkubwa, watu wanabishana mpaka wanatukanana, huyu anasema mandhari inaharibiwa, yule anasema mnazuia maendeleo, na unakuta hakuna hata mmoja aliyefungua ile sehemu ya ripoti inayohusu mandhari. Walioifungua nao wameruka moja kwa moja hadi pale palipoandikwa "athari ni ndogo" wakafunga. Mimi hizi ripoti nazisoma kwa sababu ya kazi na nyingine naziandika mwenyewe, kwaiyo acha niwaeleze zinavyopikwa ili siku ukikutana na moja ujue pa kushika.

Ripoti inayojielewa inajibu maswali mawili na haiyachanganyi. La kwanza, eneo lenyewe linabadilika vipi, yaani umbo la ardhi, miti, mito, mashamba, majengo yalivyokaa, hata ule utulivu wake, vile vitu vinavyofanya eneo hilo liwe hilo na si lingine. La pili, watu wanaona nini, ni watu gani na wakiwa wapi. Unaweza ukachimba kilima nyuma ya bonde ambako hapiti mtu, hakuna atakayeona lakini mandhari imeshaliwa. Au ukasimamisha mnara katikati ya viwanda ambako hakuna cha kuharibika, ila mtu anayekaa kwenye mwinuko ng'ambo ndo ameharibiwa kile anachokiona kila asubuhi. Waingereza wana mwongozo wao wa Landscape Institute na IEMA (vyama vya wataalamu wa mandhari na wa mazingira), toleo la 3 lilitoka 2013, hata nje ya Uingereza watu wa fani wanauazima sana, na kutenganisha haya mawili ndo msingi wake. Ukikuta imeandikwa "mradi hautaonekana sana kwaiyo mandhari haitaathirika" jua mwandishi kakoroga mambo.

Haya, kazi inaanza kwenye kompyuta. Unaipa sura ya ardhi, unaipa urefu wa mradi, unaiambia macho ya mtu yako mita 1.5 mpaka 1.7 kutoka chini, kisha inapita kila kipande cha ardhi kwa kilomita kadhaa kuzunguka mradi inajiuliza, mtu akisimama hapa kilele kinaonekana au hakionekani? Inatoka ramani ya rangi. Hiyo ramani mara nyingi inatumia ardhi tupu, bila nyumba wala miti, kwaiyo inazidisha, na inazidisha makusudi, bora uogope zaidi kuliko kusahau sehemu. Shida inakuja pale mtu anapoongeza misitu na majengo yenye urefu wa kukisia ili ramani isafike. Kuongeza si dhambi, ila aseme miti amekadiria mita ngapi na nini kitatokea ikikatwa. Kwa mitambo ya upepo dai ramani mbili, moja ya ncha ya panga likiwa juu na moja ya kitovu (pale mapanga yanapoungana), maana kuona ncha tu ikichungulia nyuma ya kilima na kuona mtambo karibu mzima ni vitu viwili tofauti.

(Kuna watu wanapenda kujitetea na mduara wa dunia. Ukweli kwenye kilomita 10, ukishahesabu na mwanga unavyopinda hewani, dunia inaficha karibu mita 7 tu, kilomita 20 inafika kama mita 27. Nyumba ya kawaida itazama, mtambo wa mita 150 haujali.)

Baada ya ramani zinachaguliwa sehemu za kutazamia, na hapa wakuu ndo penye uchawi wote. Huwezi kupiga picha kila mahali, kwaiyo unachagua chache ziwakilishe wengine wote, na aliyechagua ameshaamua nusu ya majibu. Niliwahi kukagua ripoti moja, sitaitaja, njia ya waenda kwa miguu ilikuwa inapita kando ya eneo la mradi kwa urefu wote, na kwenye njia nzima ile picha imepigwa sehemu moja. Kwenye picha unaona kichaka mbele, majani mpaka juu, maandishi ya chini yanasema "mradi utafichwa na uoto uliopo". Nikachukua zile koodineti walizochapisha wenyewe nikaenda kusimama palepale. Kichaka kipo kweli, hawakudanganya. Ni chenyewe peke yake kwenye njia yote, unasogea hatua chache kushoto bonde lote linafunguka mbele yako na eneo la mradi liko katikati kama sahani. Hakuna neno la uongo hata moja kwenye ukurasa ule.

Kwaiyo sehemu za kutazamia zinatakiwa zikubaliwe na mamlaka inayotoa kibali kabla ya kupiga picha, na wakazi wakiulizwa ndo bora zaidi, wao wanajua watu wanasimama wapi. Nitaendelea, ngoja kwanza nione maswali.

#2

Shule nzuri mkuu. Ila mwisho wa siku si ni ladha ya mtu tu? Mimi mitambo ya upepo naipenda, naiona mizuri kuliko hata kilima chenyewe. Jirani yangu akiiona anasonya. Sasa huyo mtathmini anapimaje, au anaandika anavyojisikia yeye?

#3 (mleta uzi)

Swali zuri sana. Mtathmini haulizwi kama anaupenda. Anaulizwa mambo mawili, kinachoguswa ni chepesi kiasi gani kuumia, na badiliko lenyewe ni kubwa kiasi gani.

Upande wa watu, anayekaa hapo nyumbani kwake na aliyepanda mlima mahsusi kutazama wanahesabiwa wa kuumia haraka, anayepita na gari chini yao, na aliye kazini anakodolea mashine yake chini zaidi. Upande wa ardhi unatazama mambo mawili, eneo linaweza kulibeba badiliko la aina hii bila kupoteza sura yake, na watu wanalithamini kiasi gani. Msikimbilie kusema thamani ni mbuga na maeneo ya urithi tu. Mkataba wa Ulaya wa mandhari uliosainiwa Florence mwaka 2000 unasema waziwazi kwamba unahusu hata mandhari ya kawaida na hata iliyochakaa, kwa sababu ndo watu wengi wanamoishi.

Ukubwa wa badiliko nao si urefu tu, kuna eneo linaloguswa, kuna muda, kuna kama linarudishika. Mtambo wa upepo unaweza kung'olewa miaka 25 baadaye. Kilima kilichogeuka kokoto hakirudi.

Wewe na jirani yako sasa. Ripoti inasema kwanza badiliko ni kubwa kiasi gani, halafu kivyake inasema ni la faida au la hasara na kwa nini. Nyie mnaweza kutofautiana kwenye hilo la pili huku mkikubaliana kabisa kwamba bonde halitakuwa lilelile. Na ndiyo, hukumu ya mtu imo, tena imo sana, wala mwongozo haufichi. Kinachonikera mimi ni lile jedwali la wepesi wa kuumia upande mmoja na ukubwa wa badiliko upande wa pili, huku "kati" kule "kati" makutano "wastani", ukurasa umeisha. Jedwali linafanya maoni yavae koti la sayansi. Mimi nikisoma naliruka nakwenda kwenye maelezo, nisipoona sentensi inayosema KWA NINI sehemu hii ni ya kati na si ya juu, najua hakuna kilichofikiriwa.

#4

Mleta uzi kuna kitu umegusia kwenye kichwa cha uzi hujaeleza, lenzi. Mimi nikipiga mlima na simu unatoka kijilima cha ajabu wakati kwa macho ulikuwa umenijaa. Hicho ndo unachosemea?

#5 (mleta uzi)

Hichohicho mkuu, na huo mlima wako umenisaidia kueleza.

Kamera kuu ya simu nyingi ina upana sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera za fremu kamili (zile zenye kitambuzi kikubwa sawa na filamu ya zamani ya milimita 35). Lenzi ya 28 inameza kama digrii 65 kwa upana, ya 50 inachukua kama 40. Ukimeza eneo kubwa ukalibana kwenye karatasi ileile lazima kila kitu kilichomo kipungue. Ndo maana miongozo mingi inasema picha za tathmini zipigwe kwa lenzi ya 50 kwenye fremu kamili, ya upana zaidi itumike pale tu mradi uko karibu sana hauingii.

Sasa hesabu, chukua mtambo wa mita 150 kutoka chini hadi ncha, wewe uko kilomita 5. Picha ya lenzi ya 50 ukiichapa upana wa sentimita 36 na kuishika sentimita 50 kutoka usoni, vitu vinakaa kwa ukubwa ambao ungeviona ukiwa pale, na mtambo kwenye karatasi unakuwa na urefu wa sentimita 1.5. Piga sehemu ileile kwa lenzi ya 24, karatasi ileile, umbali uleule wa kushika, mtambo unatoka milimita 7. Umepungua zaidi ya nusu na hakuna aliyegusa chochote kwenye kompyuta. Ili uwe sawa ungetakiwa ushike karatasi sentimita 24 kutoka usoni, na hakuna mjumbe wa kamati anayesoma hivyo, labda kama kasahau miwani.

Ukiwa huna kamera, nyoosha mkono mbele ufunge jicho moja, kidole gumba chako kina upana wa kama digrii 2. Ule mtambo wa kilomita 5 una digrii 1.7, mwezi mpevu una nusu digrii tu. Mtu akikwambia kwa kilomita 5 utakuwa "kinukta" mwonyeshe mwezi.

Kwaiyo chini ya kila picha tafuta lenzi, saizi ya kuchapa, umbali wa kushikia, tarehe na saa, koodineti, urefu wa kamera kutoka chini. Vikikosekana hiyo ni picha ya tangazo. Na angalia hali ya hewa, mtambo mweupe kwenye anga la ukungu mweupe haupo. Halafu ile tabia ya kufungua PDF kwenye simu na kusema "mbona hauonekani", acheni jamani, hapo hata huo mlima hauonekani.

#6

Niongezee kitu kama mtu wa upande wa wenye miradi. Picha mnazilaumu bure, mbona mnasahau miti? Tunapanda miti kuzunguka mradi mzima, miaka michache hamuoni kitu. Na ripoti zinaonyesha hilo kwa picha nzuri tu.

#7 (mleta uzi)

Karibu sana mkuu, tulikuwa tunakosa mtu wa upande huo. Ila hizo "picha nzuri" zinaonyesha mwaka wa ngapi? Kwenye tathmini za barabara kubwa Uingereza wanaangalia mara mbili, majira ya baridi ya mwaka barabara inapofunguliwa, miti imepukutika na miche ni fimbo, kisha kiangazi cha mwaka wa 15 baada ya hapo. Huo ndo uungwana. Ripoti inayoonyesha mwaka wa 15 peke yake inawaambia watu wavumilie miaka 15 bila kuwauliza.

Pia swali la nani atamwagilia, nani atapanda upya iliyokufa, na pesa zake ziko wapi baada ya mwenye mradi kuuza. Na kuna sehemu ukuta wa miti wenyewe ndo uharibifu, eneo lilikuwa wazi unaona hadi upeo wa macho, sasa unaona msonobari. Miti ni dawa ya mwisho. Ya kwanza ni kubadilisha mradi ukiwa bado ni mchoro, shusha kimo, sogeza nyuma ya mgongo wa kilima, usikae juu kabisa ambako unakatiza anga, chagua rangi ya paa inayofanana na ardhi na sio na kijitabu cha bei. Mtaalamu wa mandhari akiitwa mchoro umeshafungwa, kinachobaki kwake ni kuandika sentensi za kubembeleza. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, ni kazi ya kusikitisha.

#8

Mimi naona haya ni mambo ya walioshiba. Watu wanataka umeme, madaraja, nyumba, nyie mnaongelea digrii za mwezi. Nani amewahi kula mandhari?

#9 (mleta uzi)

Hasira zako nazielewa, ila hii tathmini haina kura ya turufu. Inaingia kwenye mizani pamoja na ajira, umeme, foleni, na wanaoamua wanaweza kusema tumeona hasara tunaikubali. Ninachotaka mimi waikubali wakiwa wameiona.

Kuna kisa cha Dresden, Ujerumani. Bonde la mto Elbe liliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2004. Mji ulikuwa unataka daraja la njia nne kwa ajili ya foleni, 2005 wakapiga kura na kama theluthi mbili ya waliopiga wakasema daraja lijengwe. Uchunguzi wa athari za kimuonekano wa chuo cha Aachen ulifanyika 2006, baada ya kura, ukaona kwamba daraja lingelikata bonde palepale linapoumia zaidi. UNESCO ikaonya, mahakama zikaingia, 2009 bonde likatolewa kwenye orodha na 2013 daraja likafunguliwa. Mwenye haki ni nani hapo? Kwangu wananchi walikuwa na haki ya kuchagua daraja. Kosa ni mpangilio, uchunguzi wa maana umekuja watu wameshapiga kura na kila upande umeshafunga masikio, wakati mapema ungeweza kujadili daraja la umbo jingine au hata handaki.

Linganisha na Köln. Kanisa kuu la pale liliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini 2004 sababu ya majengo marefu yaliyopangwa ng'ambo ya mto Rhine, mji ukakaa chini ukapunguza vimo, 2006 likatolewa kwenye hatari. Paris nao mnara wa Montparnasse, mita 210, ulikamilika 1973, na 1977 jiji likaweka ukomo wa mita 37 kwa majengo. Mnara wenyewe uko palepale mpaka leo. Kutathmini baada ya kujenga kunasaidia jirani tu.

#10

Dada yangu wa humu nimekuelewa (kama ni kaka nisamehe, avatar inachanganya). Swali langu ni hili, mradi mmoja mmoja unapita "athari ndogo", wa pili "athari ndogo", wa tatu "athari ndogo", ukija kustuka pande zote ni minara. Nani anahesabu jumla?

#11 (mleta uzi)

Dada, umepatia 😄

Hilo ndo tundu kubwa kuliko yote. Ripoti inatakiwa kuwa na sehemu ya athari za pamoja, mradi wako ukichanganywa na iliyopo, iliyopata kibali bado haijajengwa, na ikiwezekana hata iliyo kwenye maombi. Na kuna namna tofauti za kukutana nayo, unaweza kuona miradi miwili kwa mtazamo mmoja bila kugeuza shingo, au ukageuka ndo ukaona wa pili, au ukasafiri ukawa unaikuta mmoja baada ya mwingine njia nzima, na hii ya mwisho ndo inasahaulika kuliko zote kwa sababu picha ya kusimama haiwezi kuionyesha. Msimamo wangu ni kwamba jumla asiachiwe mwenye mradi aihesabu, mamlaka iwe na picha ya eneo zima kabla maombi hayajaanza kuja. Vancouver wanalinda mitazamo kadhaa kuelekea milimani tangu 1989, mistari iko kwenye ramani, ukinunua kiwanja unajua kabla hujamlipa mchoraji.

Ingawa hata mistari ina mapengo. London wanalinda mtazamo kutoka kilima kimoja kwenye hifadhi ya Richmond hadi kuba la kanisa la St Paul's, kama kilomita 16, unachungulia kwenye mwanya wa miti unaona kuba peke yake na anga nyuma. 2016 watu wakachungulia wakakuta ghorofa refu linaota nyuma ya kuba, limejengwa Stratford, kilomita kadhaa upande wa pili. Mbele ya kuba pamelindwa miaka na miaka, huko nyuma mbali hakuna aliyewaza. Nikichora eneo la uchunguzi siku hizi nauliza pia kitu kilicho NYUMA ya kile tunachokilinda.

#12

Na usiku? Mradi ninaoufuatilia una minara ya mita 180 na ripoti yote picha ni za mchana, jua linawaka.

#13 (mleta uzi)

Mita 180? Basi taa zipo lazima. Kwa viwango vya usafiri wa anga, mita 150 kwenda juu unatakiwa uwe na taa za kuonya ndege, kwaiyo haiwezekani wasijue. Kama eneo lina giza la kweli usiku, taa nyekundu zinazowakawaka zinaweza kuwa badiliko kubwa kuliko mnara wenyewe mchana. Kuna dawa, Ujerumani wanataka mitambo ya upepo iwe na mfumo wa taa kuwaka pale tu ndege inapokaribia, muda mwingine wote giza linabaki giza.

Siku za maoni zikiwa bado ziko wazi andika barua. Usiandike "naupinga mradi", wanapokea mia za hivyo wanaweka pembeni. Andika kwamba minara inazidi mita 150, taja ukurasa wenye kimo, sema ripoti haina picha hata moja ya usiku, omba zitengenezwe kutoka kwenye sehemu mbili ambazo wao wenyewe wameziita za kuumia zaidi, na uulize kama huo mfumo wa taa umefikiriwa na kama haukufikiriwa kwa nini. Barua ya hivyo inabidi ijibiwe. Tuma nakala humu tuisome kabla hujaipeleka.